Kuni za Chumba cha Watoto

Iringa,
5 Juni 1955

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Yotamu,

Ugonile, Baba. Nakusalimu wewe na Mama, kaka Mika na mkewe Ikupa, na majirani wote wanaoniulizia. Mimi mwili ni mzima. Baridi ya hapa Iringa imekuja mapema mwaka huu, asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe, lakini sweta aliyonifumia Mama inanitosha. Magoti yake yanasemaje?

Baba, hii si barua ya kukupa raha. Siku naondoka kuja kazini uliniambia nikiona jambo zito nikuandikie wewe kabla sijamwambia mtu wa nje. Nimeliona.

Juzi nilimzalisha mwanamke mmoja jina lake Waridi, mke wa fundi cherehani wa pale sokoni. Ni uzazi wake wa kwanza. Alijifungua mchana, jua limewaka, mtoto wa kiume, akalia mpaka wanawake wa vitanda vingine wakacheka. Waridi akasema, "Huyu atakuwa mwadhini." Nikamkata kitovu kwa mkasi uliochemshwa, nikamfunga vizuri, nikataka kumlaza kifuani kwa mama yake. Sista wetu, yule Mzungu anayesimamia wodi ya wazazi, akaniambia, "Tupokigwe, unaujua utaratibu."

Naujua. Mtoto akizaliwa anaogeshwa papo hapo, anapelekwa chumba cha watoto, na mama yake anamwona saa za kunyonyesha tu. Wanasema ndio usafi, mama asije akamwambukiza. Chumba chenyewe kiko upande wa upepo. Sakafu ni simenti tupu, kioo kimoja cha dirisha kimevunjika kikazibwa kwa boksi, na jiko hakuna. Kuni zipo, Baba. Zimepangwa nyuma ya jengo la wagonjwa wa Kizungu mpaka zimegusa paa, za kuwachemshia maji ya kuoga. Nimeomba za chumba cha watoto tangu mvua zilipokatika.

Kesho yake asubuhi nilipoingia zamu nilimkuta mtoto wa Waridi amekufa, mwili umekauka kwa baridi, midomo ya buluu. Daktari akaja, akamtazama kidogo, akasema, "Udhaifu wa kuzaliwa. Watoto wa Kiafrika wengi huzaliwa dhaifu." Waridi akanigeukia. "Nesi, mwanangu alikuwa dhaifu?" Nikamjibu, "Hapana, alikuwa na nguvu." Sista akanishika bega akanitoa nje.

Si huyo peke yake mwaka huu. Nifanye nini, Baba? Niambie wewe.

Mwanao,
Tupokigwe


Mbalizi,
16 Juni 1955

Mwanangu Tupokigwe,

Salaam katika jina la Mwokozi. Sisi tupo kwa rehema zake. Magoti ya Mama yako yanalalamika lakini yanatembea. Viazi tumevuna, ingawa fuko walitutangulia katika shamba la chini.

Barua yako niliisoma peke yangu, sikumsomea Mama yako. Nakupa pole, na huyo mke wa fundi umpe pole yangu. Lakini kumbuka wewe ni mtoto wa mzee wa kanisa. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana lihimidiwe. Usigombane na watu waliokufundisha kazi wakakuvika nguo nyeupe. Wameona mengi kuliko wewe. Mvumilivu hula mbivu.

Nina habari njema pia. Ikupa atajifungua mwezi ujao. Mama yako alitaka azalie hapa nyumbani kama alivyokuzaa wewe. Nimekataa. Unamkumbuka mtoto wa jirani yetu Asukile? Walimkata kitovu kwa unyasi, na kabla juma halijaisha taya likafunga, akakakamaa mpaka akafa. Ile ni pepopunda, wewe mwenyewe ulitueleza. Kwa hiyo nimesema mjukuu wangu atazaliwa hospitali, mjini Mbeya, kwenye shuka safi. Mama yako amenuna, lakini nimesema.

Uwe na moyo wa utii.

Baba yako,
Yotamu


Iringa,
25 Juni 1955

Kwa Baba,

Salaam kwako na kwa Mama. Nashukuru mko wazima. Mimi ni mzima, ila moyo unachemka.

Umeniambia mvumilivu hula mbivu. Mbivu ipi, Baba? Waridi amekula mbivu gani? Maziwa yalimjaa mpaka yakalowesha nguo, hana wa kumpa, akawa anayakamulia ukutani akilia. Tangu nikuandikie wamekufa wengine, na wote wanaitwa dhaifu. Nimeuliza mbona watoto wa upande ule mwingine hawazaliwi dhaifu. Nikaambiwa nina ulimi.

Kuhusu Ikupa, umefanya vema kuwakatalia unyasi. Sisemi azalie nyumbani. Wembe mchafu unaua, na baridi nayo inaua. Lakini nakuomba jambo moja, na nakuomba kama mkunga, si kama mtoto. Kabla hajalazwa, ulizeni mtoto atalala wapi. Kama wana chumba kama chetu, Ikupa asimwachie. Amkumbatie ngozi kwa ngozi, blanketi juu, na mtu akija kumchukua, amkatalie. Mika asimame mlangoni. Wewe usimame mlangoni.

Mimi nimeanza kuwarudisha watoto kwa mama zao Sista akiwa hayupo. Amenikamata mara mbili, na nitarudia.

Na tena, Baba, tafadhali usiniandikie kwamba Bwana ametwaa. Mimi nilikuwapo. Sikumwona Bwana mle chumbani. Niliona dirisha bovu.

Mwanao,
Tupokigwe


Mbalizi,
4 Julai 1955

Kwa Tupokigwe,

Barua imefika. Sisi ni wazima.

Mtoto hamfundishi baba yake habari za Mungu. Nilikupeleka shule ujue kusoma, sikukupeleka ujue kufuru. Mpaka utakapojua unaongea na nani, usiniandikie.

Mzee Yotamu


Iringa,
7 Agosti 1955

Kwa Baba yangu,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama. Natumaini mko wazima, maana sijui lolote. Nimekaa kimya kama ulivyoniagiza, lakini mwezi umepita na mimba ya Ikupa haikungoja hasira zetu. Amejifungua? Mtoto gani? Hata Mika hajaniandikia, na Mika hawezi kunyamaza akiwa na furaha.

Kama kuna neno nililolisema kwa namna isiyomfaa mtoto kumwambia baba yake, nisamehe namna. Neno lenyewe silifuti.

Mimi nimeondolewa wodi ya wazazi, niko kwa dobi, nafua shuka. Nilichukua jiko langu la makaa kutoka chumbani kwangu nikaliweka katika chumba cha watoto, dirisha nikaliacha wazi kidogo. Sista akapiga kelele kwamba moshi wa makaa utawaua. Hapo alikuwa na haki, makaa katika chumba kilichofungwa ni hatari. Nikamwambia, "Basi tupeni jiko la kuni lenye dohani." Akasema, "Usinipangie kazi." Kesho yake nikakabidhiwa sabuni.

Nijibu, Baba. Hata neno moja.

Mwanao,
Tupokigwe


Mbalizi,
15 Agosti 1955

Mwanangu mpenzi,

Leo sina salaam nyingi. Mama yako yupo, mimi nipo, Mika yupo. Ikupa yupo, lakini hasemi.

Mtoto amekufa. Alikuwa wa kike. Ilikuwa mwisho wa Julai, na kalamu ilinishinda mpaka leo.

Usidhani sikukusikia. Nilikujibu kwa hasira, lakini ile barua yako niliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Tulipompeleka Ikupa nilivua kofia mlangoni nikamwuliza karani, "Mtoto atalala wapi?" Akaniuliza kama mimi ni daktari. Nikamwambia mimi ni babu. Waliokuwa foleni wakacheka. Akasema, "Babu, atalala wanapolala watoto wote. Huo ndio utaratibu." Neno lile lile la kwako. Nikasema basi nisimame ndani na mkwe wangu. Askari wa lango akanisukuma kifuani, si kwa nguvu, kama unavyosukuma mbuzi. Mama yako naye akazuiwa. Tukakaa barabarani.

Ikupa alijifungua salama. Kitanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta wa chumba cha watoto. Alimsikia mwanawe akilia. Alipoinuka amfuate, wakamrudisha, "Lala, bado unatoka damu." Akalala akisikiliza. Kilio kikawa kidogo, kama cha paka, kisha kikakoma. Na Ikupa akafurahi, Tupokigwe. Alidhani mtoto amepata usingizi.

Walitukabidhi amefungwa katika shuka. Shuka ilikuwa bado na maji ya kumwogeshea.

Tulimzika juu, karibu na miti ya misindano. Mchungaji Eliezeri akaanza, "Bwana alitoa, na Bwana..." Nikamwambia, "Mchungaji, ngoja." Akangoja. Nikasema, "La kwanza nakubali. La pili usiliseme juu ya kaburi hili. Mtoto huyu ameuawa na baridi ndani ya nyumba yenye kuni. Usimsingizie Bwana." Jirani yetu Sedekia akanishika mkono, alidhani nimerukwa na akili. Mchungaji akafunga kitabu. Tukafukia, tukaimba, tukashuka.

Jumapili iliyofuata nikaambiwa nisikae tena kiti cha wazee. Nikaenda kukaa nyuma. Nyuma ndiko wanakokaa wanawake wenye watoto wachanga, ili watoke mtoto akilia. Miaka yote sikuwahi kuwasikia. Baada ya ibada nikawauliza ni nani kati yao amemwacha mtoto kule mjini. Wakaanza kuinua mikono, mmoja mmoja, na mwanamke mmoja mzima wa makamo akainua yote miwili. Mke wa Andendekisye alikuwa mmoja wao. Andendekisye ni rafiki yangu tangu tulipokuwa wavulana. Hakuwahi kuniambia, kwa sababu mimi ningemwambia ahimidi.

Sasa sikiliza. Kuni za hospitali ile zinatoka wapi? Mlima huu. Anazikata nani? Sedekia, Andendekisye, mimi na Mika, na watu wa bonde la pili. Tumekaa tukazungumza. Za jiko la wagonjwa wetu tutazipeleka wenyewe mpaka mikononi mwa wapishi. Za maji ya kuoga ya Wazungu hazishuki, mpaka moto uwake katika chumba cha watoto.

Baba yako anayekupenda,
Yotamu


Iringa,
28 Agosti 1955

Baba yangu,

Salaam kwako, kwa Mama, kwa Mika. Kwa Ikupa sijui niandike salaam gani.

Barua yako niliisomea nyuma ya chumba cha dobi, kati ya kamba za nguo. Nilikuwa nimeshika shuka mbichi. Nikaikung'uta, nikaikung'uta tena, mpaka mwenzangu akaja kuninyang'anya. Shangazi ni mimi, Baba. Mkunga ni mimi. Mtoto wetu ameuawa kwa kitu ninachokijua kama ninavyojua jina langu, na mimi nilikuwa hapa nafua.

Wameniita ofisini. Nikubali kwa maandishi kwamba nilihatarisha maisha ya watoto kwa jiko langu, niombe radhi, nirudi wodini. Nimewaambia nitaandika hivyo siku Sista atakapoandika ya kwake. Wakaniambia nikafikiri. Nimefikiri. Nataka kurudi nyumbani, Baba. Nizalishe wanawake wa mlimani kwetu, kwa wembe mpya na maji ya moto, pale ambapo hakuna mtu wa kumpokonya mama mwanawe. Nimechoka kuvaa nguo yao. Nilikuwa naiona nyeupe, sasa naiona kama sanda.

Niambie kama nije.

Mwanao,
Tupokigwe


Mbalizi,
20 Septemba 1955

Mwanangu Tupokigwe,

Ugonile. Tuko wazima. Chumvi ilituishia kwa kukosa pesa za kuni, lakini mahindi yapo na hakuna aliyelala na njaa.

Kuni hazikushuka. Kwanza walimtuma karani, tukamsalimu, tukampa togwa, akarudi. Kisha wakamwendea Halfani mwenye lori, yule Mwislamu wa mjini, awaletee kuni kutoka upande wa Chunya. Halfani hakuja na lori, alikuja kwa miguu mpaka kwangu. "Mzee, kuna nini huku?" Nikamweleza. Akakaa juu ya gogo. Akasema, "Mke wangu Rukia alitoka mle mikono mitupu. Walituambia damu yetu ni hafifu." Lori lake likaharibika wiki hiyo hiyo, na mafundi wote wa mjini wakashindwa kuugundua ugonjwa wake.

Mwisho akaja daktari wao mkubwa, kwa gari, mpaka pale njia inapoishia, akapanda kwa miguu. Anajua Kiswahili. "Mzee, wagonjwa wanateseka kwa ajili yenu." Nikamjibu, "Wagonjwa wanakula, uji wao unachemka, nenda kawaulize wapishi. Walioteseka ni watu waliooga maji baridi." Akawa mwekundu. Akasema jambo la jiko lina njia zake, lazima liombwe Dar es Salaam, lingoje fungu la mwaka ujao. Mke wa Andendekisye alikuwa amesimama hapo na mwiko mkononi. Akamwambia, "Na wewe ngoja maji yako mwaka ujao." Daktari akashuka bila kuaga.

Kesho yake jiko likawekwa. Jiko la chuma, lenye dohani, na dirisha likatiwa kioo. Mika alienda kuona kwa macho yake. Akamwuliza mfanyakazi mmoja limetoka wapi kwa haraka hivyo. Lilikuwa stoo, Tupokigwe. Lilikuwa stoo siku zote, limefunikwa turubai, hatua chache kutoka pale mjukuu wangu alipolia.

Watu wamenipongeza. Mika akachinja kuku. Mimi sikuweza kula. Kama lile jiko lingetoka Ulaya kwa meli ningesema sawa, walikuwa wanalingoja. Mchungaji Eliezeri amekuja kuniambia nirudi kiti changu cha mbele. Nimemwambia nyuma panatosha.

Unaniuliza kama uje. Nyumba ni yako, sitakufungia mlango, na Mama yako ameshaanza kuotesha ulezi wa pombe ya kukupokea. Lakini nikwambie ninaloliona. Kuni nimeziweza. Wodini siwezi kuingia, nilisukumwa langoni kama mbuzi. Watoto wanaota moto sasa, ila bado wanatwaliwa mikononi mwa mama zao, hapa na huko kwenu. Aliye ndani ni wewe. Zamani nilikuambia uwe mtii. Neno hilo naliondoa. Amua mwenyewe, na ukija nitakungoja barabarani.

Ikupa ameanza kusema kidogo. Jana alimgombeza Mika kwa sababu ya mbuzi walioingia shambani. Tulifurahi sote.

Baba yako,
Yotamu


Iringa,
9 Oktoba 1955

Kwa Baba yangu mpendwa,

Ndaga fijo, asante sana kwa barua yako, na salaam kwa wote hapo. Mimi ni mzima kabisa. Joto limeanza kurudi, miti ya huku imetoa maua.

Sikuandika ile radhi. Mkunga mwenzetu mmoja ameolewa akaondoka, mwingine anaumwa, na wanawake hawaachi kuzaa. Wakanirudisha wodini bila radhi yangu.

Wiki iliyopita alikuja mwanamke jina lake Benedicta, kutoka vijiji vya juu huko. Mwaka jana alimpoteza mtoto katika chumba chetu. Nilipokuwa nampima aliniuliza, "Nesi, na huyu mtamchukua?" Nikamwambia, "Mwenye kumtoa ni wewe. Usipomtoa, mimi simchukui." Akaniangalia sana, kisha uchungu ukamshika tena.

Akazaa saa za alasiri, mtoto wa kike, mdogo kuliko ninavyopenda. Nikamkausha, sikumwogesha, nikamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, nikawafunika blanketi. Sista akaingia.

"Tupokigwe, mpeleke huyo mtoto."

"Hapana, Sista."

Akageukia kitandani akanyoosha mikono. Benedicta akasema, "Simtoi." Sauti ndogo tu. Sista akalishika blanketi. Basi yule wa kitanda cha pili, aliyekuwa amejifungua asubuhi ile, akateremka chini akasema, "Hamtoi, umesikia?" Akafuata mwingine, akashika nguzo ya kitanda. Wakasimama wote, Baba, wengine hata kusimama vizuri hawajaweza, damu zinawatoka. Wakaja wakakizunguka kitanda cha Benedicta. Mmoja akasema, "Na mimi wangu nakwenda kumchukua sasa hivi." Akaenda, tukausikia mlango wa chumba cha watoto ukifunguliwa.

Sista akaliachia blanketi. "Akifa huyo ni juu yenu."

Nikamwuliza, "Na wale wengine ni juu ya nani?"

Akatoka. Mpaka jioni kile chumba hakikuwa na mtoto hata mmoja.

Nimeitwa kwa daktari Jumatatu. Huenda nitakuja Mbalizi kwa kufukuzwa, huenda nitabaki hapa. Sitaki kudanganya kwamba hasira imenitoka. Ninapopita pale mlangoni namwona mtoto wa Waridi na yule wetu, na nikimwona Sista anakunywa chai yake natamani nimwage kikombe. Lakini sirudi kwa hiari yangu. Mwambie Mama asinikasirikie, na Ikupa mwambie nitamwandikia barua yake peke yake.

Jana Benedicta aliruhusiwa kwenda kwao. Mama yake mzazi alikuja kumchukua, bibi mmoja mzee sana ambaye hajawahi kukanyaga hospitali. Akamfunua mjukuu wake, akamnusa kichwani, akamshika miguu kuona kama ina joto. Akaridhika. Kisha akaniuliza, "Siku zote hizi alikuwa analala wapi?"

Nikamjibu, "Kwa mama yake."

Bibi akanitazama kwa mshangao, kama anayetazama mtu asiye na akili. "Kwani angelala wapi?"

Mwanao,
Tupokigwe